Mtoto Afanye Usaili Lini? Hotuba kwa Wazazi wa Darasa la Sita na la Saba

Maneno haya niliyasema Jumamosi mbele ya kikao cha wazazi jijini Dar es Salaam. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wale ambao kazi au safari iliwazuia kufika.

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi wote mliofika: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie swali moja, nami nitabaki nalo hadi mwisho. Mtoto anayemaliza darasa la saba afanye lini usaili wa kujiunga na sekondari ya binafsi? Sikuombwa niseme shule ipi ni nzuri, wala ada ipi inabebeka. Hayo mnayajua ninyi na mifuko yenu. Naulizwa lini. Wazazi wengi hudhani swali hili halina uzito, kwa kuwa tarehe hupangwa na shule na kazi ya mzazi ni kununua fomu na kumfikisha mtoto kwenye kituo. Ndugu zangu, shule nyingi za binafsi hufanya usaili kwa awamu. Zipo zinazoanza katikati ya mwaka, zipo zinazosubiri mtihani wa taifa upite, na zipo zinazoendelea kuita watoto hadi Desemba, na hata Januari madarasa yakiwa yameshafunguliwa. Maana yake ni kwamba mzazi ana nafasi ya kuchagua, na wengi tunaitumia nafasi hiyo bila kujua kwamba tumeitumia.

Nimefundisha Hisabati katika sekondari za binafsi kwa miaka mingi, na katika sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa miongoni mwa wanaotunga na kusahihisha karatasi za intavyuu, kama tulivyozoea kuuita usaili huu. Nisingependa mnisubiri hadi mwisho ili mjue msimamo wangu, kwa hiyo nautoa sasa. Kwa mtoto wa kawaida, wakati unaofaa ni majuma matatu au manne ya kwanza baada ya mtihani wa taifa wa darasa la saba. Si kabla yake, wala si Desemba. Wapo watoto ambao hesabu hii haiwafai, nami nitawafikia.

Kwa nini nasema si kabla? Tazameni kwanza mzigo alionao mtoto. Mtihani wa Baraza la Mitihani, NECTA, kwa kawaida hufanyika Septemba kwa siku mbili, na kwa miaka ya karibuni umekuwa na masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Kuanzia Mei mtoto huyu anafanya mitihani ya moko, yaani ya majaribio, ya kata, ya wilaya na ya mkoa, anabaki shuleni jioni, na Jumamosi yuko twisheni. Katika kipindi hichohicho mzazi anamletea fomu ya usaili ya mwezi wa saba, na mara nyingi si moja.

Lakini mzigo si hoja yangu kubwa, maana watoto wetu ni wagumu kuliko tunavyodhani. Hoja yangu kubwa ni mada. Mtunzi makini anayetunga karatasi ya Julai hujiuliza watoto wamefika wapi katika muhtasari, akaegemea mada za darasa la tano na la sita. Lakini je, kila shule ina mtunzi makini? Zipo shule zinazotunga karatasi moja mwanzoni mwa msimu na kuitumia, kwa mabadiliko madogo, katika awamu zote. Katika shule kama hiyo mtoto wa Julai anaulizwa jambo ambalo mwalimu wake amepanga kulifundisha Agosti. Hajashindwa, hajafundishwa. Ila msahihishaji ataujuaje utofauti huo? Mbele yake pana sifuri, na sifuri haina maelezo.

Nakumbuka mvulana mmoja kutoka Morogoro, aliyeletwa na mama yake Julai. Nusu ya kwanza ya karatasi ya Hisabati aliifanya vizuri, kwa mwandiko unaopendeza na hatua zote zikionekana. Nusu ya pili aliiacha karibu tupu. Mama alipopata majibu alirudi na madaftari ya mtoto, akatuonyesha kwamba shule yake ilikuwa bado haijazifikia mada zile, akaomba mtoto ajaribu tena Oktoba. Kanuni ya shule ilikuwa kwamba mtoto hafanyi usaili mara mbili katika mwaka mmoja, na kanuni haikulegezwa. Niliyapitia madaftari yale, na sina shaka kwamba Oktoba angefaulu. Basi kabla ya kulipia fomu yoyote, wazazi, ulizeni maswali mawili: karatasi hii inatoka katika mada zipi, na mtoto akikosa, anaruhusiwa kurudia? Shule isiyoweza kujibu maswali hayo kwa simu ya dakika tano imeshakupa taarifa muhimu kuhusu jinsi inavyoendeshwa.

Jambo jingine linalohusu tarehe ni hili: msihesabu kwa majina ya miezi. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Juni kwa ajili ya korona, mtihani wa darasa la saba ulisogea hadi Oktoba. Mwaka 2022, mwaka wa sensa, ulifanyika tena Oktoba. Matokeo nayo hayana siku yake: ya 2022 yalitoka mwanzoni mwa Desemba, ya 2024 yakatoka mwishoni mwa Oktoba. Mzazi aliyejiwekea kichwani kwamba usaili ni Septemba, kwa kuwa mtoto wake wa kwanza alifanya Septemba, katika miaka kama hiyo alijikuta anampeleka mtoto wa pili kwenye usaili katikati ya marudio ya mwisho. Hesabuni majuma kuanzia siku ya mtihani wa taifa.

Sasa upande wa pili. Kwa nini si Desemba? Hapa naomba niwaeleze namna alama inavyokatwa, kwa sababu wazazi wengi hudhani kila shule ina alama moja ya kufaulu iliyoandikwa mahali fulani. Katika awamu ya kwanza shule ina nafasi zote, haina haraka, na huchagua kwa kiwango inachokitaka. Barua zinatoka, wazazi wanapewa muda wa kulipa, na muda ukiisha mhasibu na matroni wanakaa pamoja kuhesabu vitanda. Awamu zinazofuata huwa ni za kujaza vitanda ambavyo wenyewe hawakulipia. Kwa hiyo alama ya awamu ya mwisho haipangwi na kiwango cha mtoto peke yake. Hupangwa pia na idadi ya vitanda vilivyobaki.

Najua wapo hapa waliokwisha kuligundua hilo na kufikia uamuzi wa kijanja: tusubiri Desemba, mlango utalegea. Na siwezi kuwadanganya, kwa shule isiyojaa mlango hulegea kweli, na nimeona watoto wakipokelewa Desemba kwa alama ambazo Septemba zisingewafikisha popote. Lakini je, ni shule hiyo uliyoitaka? Shule inayogombewa haina awamu ya Desemba, au inayo kwa jina tu, kwa ajili ya kitanda kimoja au viwili. Baba mmoja alisubiri matokeo ya NECTA kwa uaminifu kabisa, akitaka kwanza aone kama mwanawe anastahili kugharimiwa. Matokeo yakaja, mtoto ana daraja A, yaani amevuka alama 240. Baba akaja ofisini na karatasi ya matokeo mkononi, kwa furaha ya haki. Mwalimu wa taaluma alimpongeza, akamkaribisha chai, akamweleza kwamba bweni la wavulana limejaa tangu majuma matano yaliyopita. Wazazi wangu, alama A haiongezi kitanda.

Nimegusa malipo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapoumia, na wanaumia kimyakimya.

Mtoto akifanya usaili mapema, barua inakuja mapema. Barua ikija mapema, na tarehe ya mwisho ya kulipa inakuja mapema. Shule nyingi hudai sehemu ya ada, au malipo ya kushikilia nafasi, ndani ya majuma machache, na malipo hayo kwa kawaida hayarudishwi. Wakati huohuo serikali nayo ina ratiba yake. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, hutangaza uchaguzi wa wanafunzi wa kidato cha kwanza, kwa kawaida Desemba. Wale wenye ufaulu wa juu kabisa hupangiwa shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora, ambako tangu 2016 hakuna ada. Unaona mgongano ulipo? Shule ya binafsi inadai fedha Oktoba, na jibu la serikali linakuja Desemba.

Fundi mmoja wa magari, ninayemfahamu vizuri, alikuwa na binti mwenye akili sana. Alimfanyisha usaili awamu ya kwanza katika shule tatu, zote zikamkubali. Kwa kuogopa kukosa, alilipia nafasi katika shule mbili, moja kwa fedha zake na nyingine kwa mkopo wa kikundi. Desemba binti akachaguliwa Kilakala. Familia ilifurahi, na binti akaenda Kilakala, lakini mkopo ule waliulipa mwaka mzima uliofuata kwa ajili ya kitanda ambacho hakuna aliyekilalia. Je, fundi huyu alikosea kumfanyisha usaili? Hapana. Kosa lilikuwa kuchagua tarehe za usaili bila kutazama tarehe za kulipa. Kwa mtoto ambaye walimu wake wanaona ana nafasi ya kweli ya kuchaguliwa shule za vipaji, tafuteni shule ya binafsi ambayo awamu yake ya pili inaangukia Novemba, au ambayo malipo yake ya kwanza ni madogo kiasi kwamba yakipotea nyumba haitikisiki. Muulizeni mwalimu wa darasa awaambie ukweli kuhusu alama za moko; asiwape matumaini ya kupendeza.

Nilisema wapo watoto ambao hesabu yangu haiwafai. Wa kwanza ni mtoto anayetafuta ufadhili. Shule zinazotoa punguzo la ada au ufadhili kamili huwa zinaugawa mapema, kwa watoto waliofanya vizuri katika awamu ya kwanza, kwa sababu bajeti ya ufadhili huisha kabla ya vitanda kwisha. Mtoto huyo aende awamu ya kwanza hata kama ni kabla ya mtihani wa taifa, na mwalimu wake amwandae kwa mada ambazo darasa halijazifikia. Mtoto mwenye uoni hafifu, au anayehitaji maandishi makubwa, muda wa ziada au mtu wa kumsaidia kuandika, yeye tarehe yake itegemee shule ina uwezo wa kumwandalia nini. Pigeni simu miezi miwili kabla, na jibu mlipate kwa maandishi. Seminari nazo zina utaratibu wake kupitia parokia, na huko paroko wako ni mshauri mzuri kuliko mimi.

Lakini kundi kubwa zaidi, na ambalo ndilo linalonisumbua moyoni, ni watoto waliosoma shule za msingi za serikali zinazofundisha kwa Kiswahili, zile ambazo mitaani mnaziita Kayumba. Karatasi ya usaili katika shule nyingi za binafsi huandikwa kwa Kiingereza, pamoja na Hisabati. Mtoto aliyesoma mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea anakaa dawati moja na mtoto ambaye Kiingereza kwake ni somo moja kati ya sita. Nilisahihisha karatasi ya binti mmoja kutoka wilaya ya Kilosa. Maswali ya namba tupu alipata yote, nasema yote, yakiwamo mawili ambayo watoto wa mchepuo walikuwa wakiyakosa siku hiyo. Maswali ya maelezo, yale ya mfanyabiashara aliyenunua na kuuza, hakugusa hata moja. Binti huyu alijua faida na hasara kuliko wengi waliomzidi alama, lakini hakuweza kulisoma swali.

Baba yake, mkulima wa ufuta, alitaka ampeleke kesho yake kwenye usaili wa shule nyingine, kwa kuwa alikuwa ameshapoteza nauli. Mwenzangu wa Kiingereza alimshawishi asubiri. Majuma sita baada ya mtihani wa taifa binti alikaa kwa shangazi yake Morogoro mjini, akisoma kila siku na mwalimu mstaafu, si sarufi ya vitabuni, bali kusoma maswali ya Hisabati na ya Sayansi yaliyoandikwa kwa Kiingereza na kuyaeleza kwa maneno yake. Alifanya usaili katikati ya Novemba katika shule nyingine, ambayo haikuwa chaguo lao la kwanza, akapata. Kwa mtoto wa namna hii kusubiri kuna gharama, kwa sababu shule za juu kabisa zitakuwa zimejaa. Hata hivyo gharama hiyo ni ndogo kuliko kumpeleka Septemba akatoka na kovu la kudhani kwamba hana akili. Na nyie mlio na watoto darasa la sita katika shule hizo, msisubiri majuma hayo sita. Mna mwaka mzima.

Hapo hapo niseme neno juu ya prifomu wani. Masomo haya ya maandalizi ni mazuri kwa mtoto kama yule wa Kilosa. Ila zipo shule zinazouza prifomu wani kwa ahadi kwamba atakayehudhuria atapewa nafasi bila usaili, na mzazi analipa miezi mitatu ya bweni kabla hajajua kama mtoto anakubalika. Ombeni ahadi hiyo kwa maandishi. Mkinyimwa, mmeshajibiwa.

Mtoto afanye usaili mara ngapi? Naulizwa hili kila mwaka. Kuna wazazi ambao Oktoba nzima wako barabarani na mtoto, leo Arusha, wiki ijayo Bagamoyo, wiki inayofuata Mbeya. Niliwahi kusimamia kituo ambapo mtoto mmoja aliandika juu ya karatasi jina la shule nyingine, siyo yetu. Tulicheka, lakini alikuwa amechoka, na karatasi yake ilionyesha hivyo kuanzia ukurasa wa kwanza. Ushauri wangu ni shule mbili, au tatu zikizidi. Mpangeni aanze na ile ambayo mngeikubali lakini hamuitamani sana, ili azoee chumba kigeni, msimamizi asiyemjua na saa ya ukutani. Kisha, baada ya siku kumi au wiki mbili, aende kwenye ile mnayoitaka kweli. Msimpeleke popote ambapo hamko tayari kulipa, hata kwa kujaribu. Watoto wanajua wanapotumiwa kwa majaribio, na hawajitumi. Shule nyingi zina vituo vya usaili katika miji kadhaa, kwa hiyo ulizeni kituo cha karibu kabla hamjakata tiketi ya basi. Na kama lazima msafiri, fikeni siku moja kabla.

Namalizia kwa wazazi ambao watoto wao hawapo katika darasa la saba mwaka huu, maana ninyi mna jambo ambalo kaka na dada zao hawakuwa nalo. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unaifanya elimu ya msingi iwe ya miaka sita. Mtoto aliyeingia darasa la tatu Januari ile anamaliza darasa la sita mwaka 2027, na aliyekuwa darasa la nne, ambaye yuko katika mtaala wa zamani, anamaliza darasa la saba mwaka huohuo. Madarasa mawili yanatoka pamoja na kuingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Serikali imekuwa ikijiandaa kwa madarasa ya ziada katika shule zake. Shule za binafsi je? Shule yenye mabweni mawili haiwezi kuwa na manne kwa sababu tu waombaji wameongezeka.

Kwa watoto wa mwaka huo kanuni yangu ya majuma matatu au manne inabaki, lakini sehemu ya pili inakuwa kali zaidi: awamu ya pili katika shule zinazogombewa huenda isiwepo kabisa. Kwa hiyo maandalizi yote mnayoyaacha hadi Oktoba, yaani kuuliza mada, kuuliza kanuni ya kurudia, kuuliza tarehe za kulipa, kupima Kiingereza cha mtoto, yafanyeni mtoto akiwa bado darasa la tano. Na tena ulizeni jambo jipya: shule itatunga karatasi moja kwa watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba, au mbili tofauti? Mihtasari yao haifanani, na umri wao unapishana mwaka mzima. Nimewauliza wakuu wa shule kadhaa swali hili, na wengine walikuwa bado hawajalifikiria. Mkiliuliza ninyi, tena wengi, watalifikiria.

Mwenyekiti amenionyesha saa. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mwalimu wa taaluma yupo hapa kulia kwangu na orodha ya alama za moko za kila mtoto. Mzazi anayetaka kuona za mwanawe amfuate faragha, na wenye maswali kwangu tuanze na safu ya nyuma.